Mwaka wa Kufunga Mabomba

Habari ya kifo cha Papa Furaha ilinikuta nimelala chali chini ya sinki la jikoni, kwenye nyumba ya watu hapa Queensburgh, spana mkononi na maji yakinichuruzika hadi kwapani. Simu ililia ndani ya sanduku la vifaa, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa michafu niliibonyeza kwa kiwiko, sauti ikatoka mbele ya mwenye nyumba. Alikuwa Furaha mwenyewe, binti yake mkubwa, ambaye nilimjua akiwa bado anaogeshwa kwenye beseni. "Uncle Tanga, Papa ametuacha asubuhi. Kilio iko kwetu, pale pale Albert Park. Mama anasema wewe usikose." Mwenye nyumba hakuelewa Kiswahili lakini sauti ya msiba haihitaji mkalimani, akaniuliza kama nataka kuacha kazi niende. Nikasema hapana. Nilikaza nati ya mwisho, nikafungua maji, nikapitisha kidole kwenye maungio kuona kama panavuja. Hapakuvuja. Nina zaidi ya miaka ishirini natengeneza mabomba ya watu wa Durban na nina sifa ya kutoacha panavuja, na kazi hiyo niliipata kwa kumkanyaga mtu huyo aliyekufa asubuhi ile. Sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mke wangu, na nikisema nilikuwa nasubiri wakati mzuri nitakuwa nadanganya tena.

Nataka kuusimulia mwaka mmoja tu. Nilizaliwa wapi, baba alikuwa nani, nilivuka mipaka mingapi na nilipanda malori gani hadi kufika huku, hayo kila mhamiaji anayo, na tukikutana hatuulizani. Mwaka wangu ulianza ghorofa ya kumi na moja, Albert Park, kwenye fleti ya vyumba viwili iliyokaliwa na watu tisa. Lifti ilikuwa imekufa kabla sijafika na ilikuwa bado imekufa nilipohama. Sebule iligawanywa kwa kabati na pazia la buluu lenye maua. Nyuma ya pazia waliishi Papa Furaha, Mama Furaha na watoto wao wawili, Furaha na Amani, kitanda kimoja na godoro moja, na beseni lililokuwa bafu la watoto mchana na kapu la nguo jioni. Mimi nilikuwa na godoro langu kwenye korido ya kwenda jikoni, kwa hiyo kila aliyetaka maji ya kunywa alinivuka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Papa Furaha alikuwa na thelathini na nane hivi, mtu wa Uvira huko Kongo, mrefu, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Kwao alikuwa seremala. Huku alikuwa kama sisi wote, mtu wa kuamka na kuuliza leo iko nini.

Na hiyo "iko" ndiyo iliyonifanya nijione mtu mbele yake. Sikuwa na kitu kingine. Sikuwa na mke, sikuwa na ufundi wowote mkononi, Kiingereza changu kilikuwa cha darasani tu, cha kusoma na kujieleza kidogo, lakini nilitoka Tanga, nilisoma mpaka kidato cha nne, na nilijua Kiswahili. Basi nikawa mwalimu ambaye hakuna aliyemwajiri. Papa Furaha akisema "Iko sombe mu sahani," mimi nasema, "Sema kuna kisamvu kwenye sahani." Akisema "batu banakuya," mimi nasema, "watu wanakuja." Mama Furaha alicheka huku akisonga fufu, akasema, "Acha mutu akule kwanza, utamufundisha na tumbo ikishiba." Chakula chake nilikila kila siku, sombe iliyopondwa ikapikwa na mawese, makayabu, wale samaki wa chumvi, yaliyojaza harufu ghorofa nzima, na bado nilikuwa na ujasiri wa kulalamika kwamba hakuna nazi. Papa Furaha hakukasirika hata mara moja. Alirudia neno nililomfundisha, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu dukani, kisha akasema, "Wewe, Tanga, Kiswahili yako ndiyo ya kweli. Ya kwetu ni ya kutembea nayo tu." Nilipenda sana kusikia hivyo. Ninapokaa leo kufikiria ni lini hasa nilimharibia maisha, sianzii na ile siku ya maji. Naanzia pale mezani.

Kazi ilitoka kwa Bwana Desmond, mwalimu mstaafu wa Queensburgh ambaye nilimpakia rangi geti mwaka uliotangulia. Alikuwa na nyumba ya pili ya mbao na mawe, huko juu karibu na Underberg, zaidi ya saa mbili kwa bakkie, ile pikapu ya huku, mahali ambapo mwezi wa sita maji ya mbwa yanakuwa jiwe kwenye bakuli. Watu wa Durban wanaoota jua la Julai ufukweni hawaamini kwamba asubuhi hiyohiyo, mkoa huohuo, mtu anapasua barafu kwa kisigino. Nilikuwa nimekaa huko msimu mmoja wa baridi, nikachoka upweke, nikamwambia Bwana Desmond namfahamu seremala mzuri. Alimpenda Papa Furaha tangu siku ya kwanza, alipomwona anapapasa fremu ya dirisha kabla hajaigusa kwa kifaa. Kazi ilikuwa ya kuiandaa nyumba kwa baridi: kupasua kuni na kuzipanga chini ya mabati, kufagia dohani, kuziba nyufa za madirisha, kubadilisha mbao za veranda zilizooza, kumwaga maji ya giza. Nieleze hapo. Waswazi, Wazulu, Wazungu, wote huku tangi la kupasha maji moto wanaliita giza, yaani geyser ya Kiingereza, na siku ya kwanza Bwana Desmond aliponiambia giza imeharibika nilitazama dirishani, nikaona jua kali, nikanyamaza kwa heshima. Nilipomhadithia Papa Furaha alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe hata giza inaharibika," alisema, na kwa wiki nzima kila kitu kilichoharibika kilikuwa giza.

Kulikuwa na chumba nyuma ya nyumba ile, kikubwa, chenye jiko la kuni la chuma na dirisha lililotazama mlima. Bwana Desmond, ambaye hakupenda nyumba ikae tupu, alimwahidi Papa Furaha chumba kile. Baridi ikiisha, mwezi wa tisa, amlete mke na watoto, wakae, yeye awe mtunzaji wa nyumba mwaka mzima; shule ya msingi ilikuwa chini ya kilima, watoto wangetembea kwa miguu. Mimi ndiye niliyemtafsiria. Alinitazama, akaniomba nirudie, nikarudia, akaniomba nimuulize mzee kama ana hakika, nikauliza. Kisha akaenda peke yake kwenye kile chumba, akakipima kwa hatua, nikamsikia anajisemea: kitanda hapa, watoto hapa, meza nitatengeneza. Tuliporudi Durban kwa siku mbili alimwambia Mama Furaha nyuma ya pazia, na kwa kuwa pazia halizuii maneno, fleti nzima ilisikia. Mama Furaha aliuliza jambo moja tu. "Iko mulango?" Akasema ndiyo, upo mlango, wenye kufuli. Kesho yake mama huyo alikwenda mitumbani akarudi na sweta nne, mbili kubwa na mbili ndogo, akazifua, akazianika kwenye reli ya dirisha, nazo zikapepea juu ya Albert Park ambako joto lilikuwa la kuvaa fulana.

Naandika haya nikijua msomaji ameshaona inakokwenda, na mimi pia nilipaswa kuona. Lakini mwaka ule nilikuwa na furaha. Asubuhi ya barafu ya kwanza Papa Furaha alitoka nje, akarudi mbio. "Tanga! Nani amemwaga chumvi mu majani?" Tulisimama pale nje tumevaa mablanketi, pumzi zetu zinatoka kama moshi wa sigara, yeye akichuma jani mojamoja na kuliramba ahakikishe. Alikuwa mtu wa ziwa na joto. Kwao maji hayajawahi kuganda tangu dunia iumbwe. Tulikula uji wa mahindi mzito pamoja na maharage na pilchadi, wale samaki wa kopo, tulikaa karibu na jiko, na alinieleza nyumba alizojenga Uvira, mlango kwa mlango. Mimi nilimsahihisha ngeli. Ubao huu, mbao hizi. Naye akarudia.

Bwana Desmond aliacha orodha ya kazi iliyobandikwa kwenye mlango wa stoo, kwa Kiingereza, mwandiko wa kialimu. Mimi ndiye niliyekuwa naisoma na kumweleza mwenzangu. Mstari wa mwisho ulikuwa umepigiwa mstari chini mara mbili: ikiwa nyumba itaachwa bila mtu na bila moto, zima maji kwenye tangi, fungulia sehemu zote za kutolea maji, kausha kila kitu. Mwaka uliotangulia niliifanya kazi hiyo mwenyewe, na Bwana Desmond alisimama karibu nami akinionyesha kwa nini, kwamba maji yakiganda ndani ya chuma yanavimba, na chuma kinapasuka. Kwa hiyo nilijua. Papa Furaha hakujua, maana sikuwa nimemweleza. Tulikuwa hatujafika mstari wa mwisho.

Katikati ya mwezi wa saba Bwana Desmond alipanda ghafla kuchukua makaratasi yake, akasema anarudi saa hiyohiyo, na kwamba theluji inakuja, sote tushuke Durban tupumzike wiki tatu. Ndani ya bakkie palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, nyuma alikuwa amepakia sofa. Mmoja aje naye sasa, mwingine afunge nyumba na kushuka kesho kwa taxi, zile daladala za huku. Aliyepaswa kubaki ni mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma orodha. Lakini siku iliyofuata kulikuwa na arusi ya Mtanzania mwenzetu huko Overport, na palitajwa pilau, na nilikuwa sijala pilau tangu Ramadhani. Hilo ndilo jambo zima. Ningependa liwe kubwa zaidi. Nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti cha mbele, hita inanipuliza miguuni, Bwana Desmond amewasha gari, nikashusha kioo nikamwambia Papa Furaha aliyesimama na shoka mkononi: "Usisahau kufunga mabomba kabla hujaondoka. Yote!" Akanyanyua mkono. "Yote, Tanga. Hata moja sitaacha." Nikapandisha kioo maana baridi ilikuwa inaingia.

Alishuka siku mbili baadaye badala ya moja, amechoka, vidole vimepasuka, akapiga chafya wiki nzima. Mama Furaha alimkanda kwa maji ya chumvi. Nilimuuliza, "Ulifunga mabomba?" Akasema, "Nilifunga yote, hata ya mu dari. Ilinikula siku mbili." Nilipaswa kumuuliza siku mbili za nini. Mtu anafunga maji kwa nusu saa. Lakini nilikuwa nasimulia arusi, nani alicheza, nani alinuna, nikaona ni mtu wa polepole tu.

Tulirudi milimani sote watatu, wiki tatu baadaye, asubuhi yenye jua. Bwana Desmond aliimba njiani. Papa Furaha alikuwa amebeba kifuani, ndani ya koti, pazia jipya ambalo Mama Furaha alilishona kwa ajili ya kile chumba, akitaka kulipima. Mlango wa mbele haukufunguka. Sakafu ya mbao ilikuwa imevimba ikausukuma. Tuliingia kwa nyuma. Dari la sebule lilikuwa limeanguka juu ya vitabu. Ukutani maji yalikuwa yameteremka yakaganda, jikoni tulitembea juu ya barafu chafu, yenye vipande vya dari, majivu na barua za watu. Bwana Desmond aliinama sakafuni. Aliokota picha ya marehemu mkewe, akajaribu kuitenganisha na kioo, ikachanika. Mimi nilipanda ngazi kutazama darini, na nilichokiona huko bado ninakiona kila ninapopanda kwenye dari la mtu yeyote.

Mabomba yote yalikuwa yamefungwa. Yalikuwa yamezungushiwa magunia na vitambaa, raundi kwa raundi, kila raundi ikipanda juu ya mwenzake kwa upana ulio sawa, na kila baada ya hatua moja fundo la kamba, dogo, lililokazwa vizuri. Kwenye kona alikuwa amekunja kitambaa kama mtu anayefunga kidonda cha kiwiko. Kitambaa kilikuwa cha kijivu chenye mistari myekundu. Lilikuwa blanketi lake. Magunia hayakumtosha, akalichana blanketi lake mwenyewe, akalala siku mbili bila hilo kwenye baridi ile, akamaliza kufunga mabomba yote kama nilivyomwambia. Na katikati ya kazi hiyo nzuri chuma kilikuwa kimepasuka sehemu saba.

Nilielewa palepale, nikiwa bado nimeshika ngazi. Kwetu Tanga bomba ni bomba. Ule mrija unaopita ukutani ni bomba, na kile unachozungusha maji yatoke ni bomba vilevile. Mwambie mtoto wa miaka minne afunge bomba, atakwenda kuzungusha. Lakini kwa Papa Furaha kile cha kuzungusha ni robine, siku zote alisema robine, nami nilikuwa nimemsikia mara mia. Bomba kwake ni mrija peke yake. Na mrija unafungwaje? Unafunga mlango, unafunga mzigo, unafunga kidonda. Nilimpa mtu wa Uvira maneno ya Tanga kupitia dirisha la gari, nikapandisha kioo. Hakukosea hata kidogo. Alifanya hasa alichosikia, na alifanya vizuri kuliko ambavyo mimi ningefanya.

Niliposhuka Bwana Desmond alikuwa amesimama mbele ya orodha yake, kidole kwenye mstari wa mwisho. Aliuliza kwa Kiingereza, bila kupaza sauti: "Ulimwambia azime maji?" Nilikuwa na jibu mdomoni. Lakini mwezi ule alikuwa ameniahidi kunipeleka kwa mpwa wake, fundi bomba mwenye leseni, nikajifunze ufundi nipate cheti. Na nilijua kwamba nikisema kweli nitalazimika pia kusema kwa nini si mimi niliyebaki. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kama mtoto. Nikasema ndiyo, nilimwambia.

"Anasema nini?" Papa Furaha aliniuliza.

"Anauliza kama nilikwambia ufunge maji."

Alifikiri. "Uliniambia bomba, Tanga. Ulisema funga mabomba yote."

"Nilisema maji. Nilisema funga maji, Papa Furaha. Umesahau."

Nilimsubiri abishe. Wallahi nilitaka abishe, anikamate koo, apige kelele hata mzee ashtuke. Badala yake nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona tena kwa mtu mzima: nikaona anaiacha kumbukumbu yake mwenyewe. Alishika paji la uso. "Maji," alisema, akilijaribu neno kama alivyoyajaribu yote niliyomfundisha. "Pengine ulisema maji. Ile Kiswahili yako, saa zingine sisikiye muzuri. Mwambie patron ni mimi. Mwambie nilisahau." Na mimi nikamtafsiria neno kwa neno. Hiyo nayo niliitafsiri vizuri.

Bwana Desmond hakuwa mtu mbaya. Alisema hawezi kumwachia nyumba mtu anayesahau, akamsindikiza mpaka kituo cha taxi, akamshika mkono. Pazia jipya lilibaki ndani ya koti. Mwezi wa tisa mimi nilianza kwa mpwa wake, nikahamia chumba cha nyuma huku Queensburgh, chenye mlango na kufuli. Familia ile ilibaki nyuma ya maua ya buluu. Sweta nne alizivaa nani sijui, sikuuliza. Papa Furaha hakurudi kwenye useremala. Watu walimletea kazi, akazikataa, akisema hataki kuharibu tena vitu vya watu. Akavaa fulana inayong'aa, akawa mlinzi wa magari kwenye maegesho ya maduka kule Overport, jua na mvua, miaka yote hiyo, akiwaonyesha watu kwa mkono warudi nyuma kidogo, kidogo, sharp, yaani hapo sawa. Nilikuwa nikipita na gari langu la kazi naye ananiona kabla sijamwona. "Mutoto wa Tanga!" Ananiegesha vizuri, ananiuliza habari za mke. Na siku moja, baada ya miaka mitano au sita, aliniinamia dirishani, akasema, "Tanga, unisamehe juu ya ile maji. Wewe ndiye ulinipeleka kwa mzungu, mimi nikakupatisha haya." Nilimwambia, "Yameisha, Papa Furaha." Nikapandisha kioo. Nimeliandika hilo nikasimama, nikazunguka nyumba, nikarudi kukaa. Sioni namna ya kuliandika ambayo mimi natoka salama.

Jumamosi nilipanda zile ngazi za Albert Park, ghorofa kumi na moja, nikipumzika kila ya tatu. Fleti ni ileile, sasa yote yao, pazia limeondolewa. Wanaume walikuwa kwenye viti vya plastiki koridoni, Mama Furaha juu ya godoro sebuleni na wanawake wa kanisa lake, amefunga kitenge cheusi kichwani. Nilipewa kiti karibu na vijana, nao walikuwa wanamkumbuka marehemu, wanacheka kwa upole namna watu wanavyocheka msibani. "Unakumbuka ile ya robine?" Amani alisema, mwanamume wa miaka thelathini sasa, mwenye mabega ya baba yake. "Mutatoka nyumba, mufike chini kabisa, ghorofa kumi na moja, Papa anasema ngoja. Anapanda tena. Anaangalia robine. Anashuka. Anapanda tena." Furaha alisema, "Na ukimutuma dukani, lazima wewe umwambie mara tatu, na yeye arudilie mara tatu. Ukisema sukari, ni sukari, sukari, sukari." Wakacheka. Mtu mmoja akauliza alikuwa anaumwa nini, na Amani akasema, hapana, Papa alikuwa tu na kichwa ya kusahau, alisema hivyo mwenyewe, kwamba aliwahi kubomolesha nyumba ya mtu kwa kusahau. "Alituambia iko mu damu yetu, tukuwe na akili. Mimi hata kazini kila kitu naandika. Walitaka kunifanya foreman, nikakataa. Na kichwa kama hii, utaongoza batu namna gani?"

Nilikuwa nimepewa chai. Niliiweka chini, nikaenda nikapiga magoti mbele ya godoro la Mama Furaha, nikamwambia. Nilimweleza yote, ile orodha, pilau, kioo cha gari, blanketi, Bwana Desmond. Nilisema kwa sauti ya chini, nikitaka abaki yeye tu na hayo maneno. Alinisikiliza akitazama mikono yake. Nilipomaliza hakulia, hakunitukana. Aliinua kichwa akaita, "Furaha. Kuya." Furaha akaja. Mama yake akaniambia, "Rudilia."

Nikarudia. Kisha akaita, "Amani. Na wewe kuya." Akaniambia tena, "Rudilia." Mara hii nilikuwa nimeishiwa, pilau sikuitaja wala orodha, ilibaki sentensi moja. Nikasema: baba yenu hakusahau, nilimwambia afunge mabomba, akayafunga, mimi ndiye niliyedanganya.

Amani alibaki amesimama. "Haikuwa mu damu?"

"Hapana."

"Na yeye alijua?"

"Hakujua."

"Mpaka amekufa?"

Nikamwambia ndiyo. Wanaume wa koridoni walikuwa wamesogea mlangoni, na wanawake wa kanisa wamegeuka kutusikiliza. Furaha alikwenda akaichukua ile chai yangu sakafuni, akaimwaga kwenye sinki, akanimiminia nyingine, akanipa kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni. Mama Furaha akasema, "Kunywa, Tanga. Ukimaliza, uende." Ilikuwa ya moto sana. Niliinywa yote, palepale nimepiga magoti, wakinitazama, na ilichukua muda mrefu.